Baiskeli mbili, pyesi moja: safari yetu ya Cape Epic inaanzia Lubumbashi

Watu wananiuliza nimenunua baiskeli gani kwa ajili ya Cape Epic, mashindano ya baiskeli za milimani. Mimi najibu kwa wingi: tumenunua mbili, mimi na mdogo wangu, nazo zinafanana mpaka kwenye skrubu.

Mashindano haya yalianza 2004 kule Western Cape, Afrika Kusini, na ni ya watu wawili wawili. Yanafanyika mwezi wa Machi kwa siku 8 mfululizo: siku ya kwanza fupi, kisha hatua 7, zaidi ya kilomita 600 za vumbi, mawe na milima. Wenzi hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika 2. Maana yake cheni ya mdogo wangu ikikatika, hata mimi nimesimama. Sasa kwa nini nibebe pyesi, yaani vipuri, zisizoweza kumsaidia yeye?

Mdogo wangu alitaka kadre (fremu) ya kaboni yenye springi mbele na nyuma. Namwelewa. Springi ya nyuma inaokoa mgongo, na siku ya tano mgongo ni mali. Wanaoshinda kule wanapanda za namna hiyo. Lakini kila kiungo cha nyuma kina beringi zake, vumbi likiingia zinaanza kulia, na hapa kwetu kuzipata ni kuagiza na kungoja. Tulibishana jioni nyingi. Mwisho tukachukua alumini, springi ya mbele tu ya milimita 100, magurudumu ya inchi 29, na pesa iliyobaki yote ikaenda kwenye rimu na spoki. Sijuti hata kidogo. Kadre ya bei kali juu ya rimu dhaifu haikufikishi popote.

Kwenye barabara ya Kipushi, tunapofanyia mazoezi, asubuhi tunapishana na wanaume wanaoingiza makala (mkaa) mjini kwa baiskeli, magunia yamepanda juu kuliko vichwa vyao. Papa mmoja alisimama, akaizunguka baiskeli yangu, akauliza: “Mama, hii kinga (baiskeli) ikikufia mu njia, utaitengeneza na nini?” Hakuuliza bei wala uzito. Nilimfungulia kamfuko kalikofungwa chini ya tandiko, nikamwonyesha kimoja kimoja.

Alichokishika kwa muda mrefu ni kile kipande kidogo cha alumini kinachofunga derayeri, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia, kwenye kadre. Kimetengenezwa ili kipinde au kuvunjika chenyewe, kadre ipone. Kila aina ya kadre ina cha kwake, hakiazimwi. Baiskeli zetu zingetofautiana, ningebeba vyangu na yeye vyake, na cha kwangu kisingemfaa yeye akianguka. Sasa vyote ni vya wote. Freni vilevile: zote mbili zinatumia mafuta ya madini, kwa sababu ukiyachanganya na yale ya DOT, aina nyingine ya mafuta ya freni, unaharibu mipira ya ndani ya freni. Chupa moja inatutosha.

Gia nilizichagua nikifikiria miguu yetu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, lakini ni tambarare. Kichuguu cha mchwa ndicho kilima tunachokijua. Kule jumla ya kupanda ni kama mita 15,000 kwa wiki. Ndiyo maana mbele tumefunga meno 30, nyuma kubwa kabisa ni 51. Ni gia nyepesi za kupandia; kwenye lami tutaachwa, sawa.

Tairi hazina mpira wa ndani. Ndani kuna maji ya lateksi, karibu mililita 100 kila moja, yanayoziba tundu la mwiba yenyewe. Kwa joto letu yanakauka haraka. Kila Jumamosi natoa gurudumu, nalitikisa karibu na sikio: nisiposikia maji yakicheza, naongeza. Upepo ni bar 1.4 mbele na 1.5 nyuma, kwa kilo zangu 62.

Kinachonisumbua zaidi ni majira. Kabla ya Machi sisi tuko katikati ya mvua, tunafanya mazoezi kwenye tope jekundu linalokula pedi za freni, kwa hiyo tumeweka zile za chuma zinazodumu. Kule ni mwisho wa kiangazi, vumbi tupu. Mafuta mazito yanayokaa kwenye cheni wakati wa mvua yangekusanya mchanga wa huko na kuisaga. Wiki ya kuondoka cheni zote zitaoshwa kwa esansi (petroli), zikaushwe, zipakwe nta. Na ziwe cheni ambazo tumeshazipanda kwanza. Sifungi pyesi mpya usiku wa kuamkia mbio.

Tutapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa basi mpaka Johannesburg. Diski za freni nitazitoa, maana mizigo ya wengine ikizilalia zinapinda, na kati ya pedi nitaweka kipande cha katoni, mtu asije akabana mkono wa freni zikafungana. Urefu wa tandiko tumeuandika kwenye utepe mweupe chini ya kadre, wake sentimita 74, wangu 68, kwa sababu zikishafunguliwa na kufungwa tena hakuna atakayejua ipi ni ya nani.