Ngano kwenye ndoo: kumbukumbu ya mradi wangu, Mei hadi Agosti

Mji wa Morogoro si mahali pa ngano. Uko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali ngano ya nchi hii hulimwa kwenye miinuko yenye baridi, kama vile Hanang', Karatu, Siha na Makete. Kwa sababu hiyohiyo niliuona uwanja wa nyumba yangu kuwa unafaa, kwa kuwa mmea unaopenda ubaridi, ukipandwa mahali ambapo joto liko jirani, hauchelewi kuonyesha unapoumia. Swali langu lilikuwa moja: je, ngano yenye njaa ya naitrojeni huumizwa na joto kuliko ngano iliyoshiba, au kila dhiki hufanya kazi yake peke yake?

Nilipanda tarehe 10 Mei katika ndoo 16 za lita 20, zilizotobolewa chini na kujazwa mchanga wa mto uliooshwa vizuri, kwa sababu udongo wa bustani una naitrojeni yake ambayo nisingeweza kuipima. Ndoo zote zilipata TSP (mbolea ya fosforasi), potashi na madini madogomadogo ya kupulizia majani. Nane kati yake zilipata pia urea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni: gramu 2 machipukizi ya pembeni yalipoanza kutoka na gramu 2 nyingine mabua yalipoanza kurefuka; nane zilizobaki zilipewa nusu gramu tu mwanzoni, ili zisife kabisa. Kila ndoo ilibaki na miche 5.

Kosa la kwanza lilikuwa rangi. Nilinunua ndoo nyeusi kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, na katika wiki ya pili nikakuta mchanga ulio karibu na ukuta wa ndoo una nyuzijoto 37 saa nane mchana, wakati hewa ya kivulini ilikuwa 29. Nilikuwa ninaipika mizizi kabla jaribio halijaanza. Nilizipaka chokaa zote, na siku yenye hewa ya joto lilelile mchanga haukupita 31.

Kufikia katikati ya Juni njaa ilikuwa imejiandika kwenye majani. Katika ndoo zilizopata nusu gramu tu ya urea, majani ya chini yalianza kugeuka manjano kutoka kwenye ncha, na manjano hiyo ikashuka kufuata mshipa wa katikati, huku majani machanga ya juu yakibaki na kijani chake. Mpangilio huo ndio unaotambulisha upungufu wa naitrojeni, kwa sababu madini haya huhama: mmea huvunja protini za majani mazee na kuzisafirisha kwenda kwenye majani mapya. Upungufu wa salfa, ambao kwa mbali hufanana nao, huanzia juu, kwa kuwa salfa haihami kwa urahisi namna hiyo. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwenye machipukizi. Mche ulioshiba ulitoa machipukizi matano au sita, na manne kati ya hayo yakaja kubeba masuke. Mche wenye njaa ulitoa moja au mawili, kisha ukayaacha yafe na kubaki na bua moja. Mama mmoja wa jirani alisimama kwenye ua akauliza, "Mwalimu, nyasi hizi ni za sungura?" Kwa ndoo zile zenye njaa, sikuwa na jibu la kujitetea.

Masuke yalianza kuchanua karibu na tarehe 6 Julai. Siku iliyofuata nilifunika ndoo nane, nne za kila kundi, kwa kibanda cha nailoni kilichoachwa wazi kwa chini, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha nikawa ninakikunja usiku. Ndani yake hewa ilifika nyuzijoto 36 hadi 38 mchana, huku nje ikiwa 28 au 29. Nilipima pia majani kwa kile kipimajoto kisichogusa ambacho mafundi wa majokofu hukitumia. Jani lenye maji ya kutosha lilikuwa na ubaridi wa nyuzijoto 3 hivi kuliko hewa ya kibandani, kwa kuwa mmea hujipoza kwa kutoa mvuke. Siku moja nilisafiri bila kumwagilia asubuhi, na niliporudi jani lilikuwa limeipita hewa kwa joto. Tangu hapo nimemwagilia mara mbili kwa siku, vinginevyo ningekuwa ninapima kiu na kuiita joto.

Hapa lazima niieleze ndoo namba 11, ambayo ni kosa langu la pili na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mbegu zake za kwanza hazikuota, nikapanda upya siku 10 baadaye, hivyo nilipoteremsha nailoni ngano yake ilikuwa bado imeshika mimba, suke likiwa ndani ya ala ya jani la mwisho. Masuke yake yalipotoka yalionekana mazuri, marefu na yaliyonyooka, lakini hayakuinama kamwe. Niliyainua kwenye jua nikaona vijumba vya punje vimeachama na ndani hamna kitu: mapepe matupu, kama ya mpunga ulioshindwa. Chavua ya ngano hujengeka siku chache kabla ya suke kutoka, na hapo ndipo mmea ulipo dhaifu kuliko wakati wowote, kwani joto linalopita nyuzijoto 30 siku hizo huweza kuifanya chavua iwe tasa. Ndoo hiyo iliendelea kuchipua upya kutoka chini hadi Agosti, ikiwa na afya ya kumdanganya mpita njia.

Katika ndoo nyingine zilizofunikwa maua yalikuwa yamekwisha kushika, kwa hiyo idadi ya punje haikupungua sana. Kilichopungua ni siku. Ngano iliyoshiba nje ya kibanda ilichukua siku 36 kutoka kuchanua hadi kukauka, na ile ya ndani ilichukua 29. Hilo linakaribiana na kanuni inayojulikana, kwamba kila nyuzijoto 1 inayoongezeka juu ya wastani unaoifaa hufupisha kipindi cha kujaza punje kwa takriban siku 3, kwa kuwa joto la kibanda la saa saba tu, likigawanywa kwa siku nzima, huongeza wastani kwa nyuzijoto 2 hadi 3 hivi. Muda huo mfupi haufidiwi kwa kasi, kwa sababu kimeng'enya kinachounda wanga ndani ya punje nacho hulegea kwenye joto.

Mizani imeonyesha yafuatayo, nami ninayasema kwa tahadhari kwa kuwa kila kundi lina ndoo nne tu, na moja lina tatu baada ya kuiondoa namba 11. Punje 100 za ngano iliyoshiba zilikuwa na gramu 3.8 nje na 2.7 ndani. Zile zenye njaa zilikuwa na gramu 3.6 nje, jambo ambalo sikulitarajia: mmea ulipunguza masuke mapema, kisha ukayalisha vizuri machache uliyobaki nayo. Lakini ndani ya kibanda zilishuka hadi 2.3, na jani lao la mwisho lilikauka siku 14 tu baada ya kuchanua. Ninavyoelewa, jani hilo lilivutwa na mikono miwili. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya jani imo katika kimeng'enya cha usanisinuru, yaani kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa mwanga, na suke lisilopata naitrojeni ya kutosha kutoka mizizini hukivunja kimeng'enya hichohicho ili litengeneze protini ya punje. Joto nalo huharakisha ubomoaji huo. Kwa hiyo kiwanda kilibomolewa wakati punje zilikuwa bado na maziwa.

Awamu ya pili nitaipanda mwishoni mwa Agosti, bila nailoni, ili kuchanua kuangukie joto la kweli la mwishoni mwa Oktoba. Nimeongeza kundi moja litakalopata urea mara ya tatu suke linapotoka, nione kama jani la mwisho litadumu zaidi ya siku 14. Nimekata pia vipande vya karatasi ngumu na nyuzi za rangi, ili kila bua lifungwe tarehe yake siku litakaposhika mimba.