Ibara ya 7 Kabla ya Ibara ya 8

Wiki ya Nane Nane ya mwaka 2023 Mbeya ilifurika. Maonyesho ya kitaifa yalikuwa Uwanja wa John Mwakangale, kupata chumba cha kulala ilikuwa kazi, na ndani ya daladala watu walibishana mambo mawili tu: mbolea na bandari. Shauri la bandari lilifunguliwa hapa hapa, Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya. Raia wanne walikuwa wakipinga makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, yale ambayo Bunge liliyaridhia tarehe 10 Juni mwaka huo. Majaji watatu, Dunstan Ndunguru, Mustafa Ismail na Abdi Kagomba, walikwisha kuzisikiliza pande zote. Ilisubiriwa hukumu.

Jumamosi ya wiki iliyotangulia nilikuwa Tukuyu kwenye mafunzo ya wasaidizi wa kisheria. Ratiba ilisema mirathi asubuhi, ardhi ya kijiji mchana. Mirathi tuliimaliza. Baada ya chai hakuna aliyetaka habari za ardhi.

Aliyeanza ni kijana wa bodaboda aliyemleta mama yake akabaki amesimama mlangoni, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi ya Rungwe. "Samahani wakili. Hawa majaji wanamwogopa nani zaidi, sisi au Serikali?"

Watu wakacheka, lakini wote walitaka jibu. Nikawaambia wazi kwamba shauri liko mezani, kwa hiyo nani atashinda hatutalijadili. Tunachoweza kujadili ni kazi yenyewe: jaji akiwekewa Katiba upande mmoja na kelele za nchi nzima upande mwingine, anaanzia wapi, anafuata nini, na anakosea wapi. Nikaomba chaki.

Kabla sijaandika mstari, mama mmoja kutoka Kiwira akasimama na nakala yake ya Katiba, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Akasoma kwa sauti ya kwaya ibara ya 8, kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Akafunga kitabu. "Sasa hapo jaji anatafuta nini tena, mwanangu?"

Pembeni yake alikaa mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo. Hakusimama. Alikichukua kile kitabu taratibu, akakirudisha nyuma kidogo, akaweka rula chini ya mstari. "Mama, anza hapa."

Ilikuwa ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu hiyo ya sura hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote, wala mahakama haina uwezo wa kuamua kama sheria fulani inaambatana na masharti hayo au la. Na ibara ya 8 imo ndani ya sehemu hiyo hiyo, pamoja na ile ya 9 inayotaja utu, usawa na matumizi ya utajiri wa taifa. Mama akasoma mara mbili, ukumbi ukaguna.

Hapo tulikaa muda mrefu, na sijutii, kwa sababu mashauri mengi ya kikatiba hufia hapo. Anayeandika maombi anachukua maneno yanayosikika vizuri kuliko yote, anayafanya nguzo, halafu wakili wa Serikali anasimama na ibara ya 7(2) mkononi. Ibara ya 8 si pambo. Inaonyesha nchi inaelekea wapi, na jaji anaisoma akijua hivyo, ila hawezi kuitumia peke yake kubatilisha sheria. Mwenye shauri anapaswa kutundika hoja zake kwenye ibara zinazobeba mzigo: haki na wajibu kuanzia ya 12 hadi ya 29, au ibara ya 63(3)(e) kama ni suala la Bunge kuridhia mikataba, au sheria za kawaida kama zile mbili za mwaka 2017 za maliasili, namba 5 na namba 6. Jaji anayefanya kazi yake sawasawa atasoma kinachotangulia ibara na kinachoifuata kabla hajaigusa yenyewe. Umati hausomi hivyo. Umati unanukuu.

Ndipo nikaandika ubaoni mpangilio wenyewe.

Kwanza, mlango. Mtu anaweza kuja kwa ibara ya 30(3), akidai haki yake imevunjwa, au kwa ibara ya 26(2), inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Kwa haki za msingi kuna sheria ya mwaka 1994, Sura ya 3: shauri husikilizwa na majaji watatu, na mahakama haitaligusa ikiona kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mleta maombi aambatishe kiapo kinachoeleza jambo hilo limemgusa vipi yeye binafsi. Mzee karani akatingisha kichwa. Nadhani alikuwa akifikiria niliyokuwa nikifikiria mimi pia: sharti hilo liliwaweka nje wengi waliokuwa wakishitaki kwa niaba ya wasio na sauti. Sikulipenda. Lakini jaji hakuwa na ruhusa ya kulifumbia macho kwa sababu tu barabarani kuna joto.

Pili, dhana. Sheria iliyotungwa na Bunge huchukuliwa kuwa halali mpaka anayeipinga aonyeshe vinginevyo. Tatu, haki husomwa kwa upana na mipaka yake kwa ufinyu, na anayeutegemea mpaka ndiye anayebeba mzigo wa kuuthibitisha. Yote mawili yamo kwenye shauri la Ndyanabo la mwaka 2002. Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenzake waliiona Katiba kuwa chombo hai, chenye roho yake, kisichofaa kuviziwa kwa ufundi wa maneno. Kilichobishaniwa kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: sharti la kuweka dhamana ya shilingi 5,000,000 kabla kesi ya uchaguzi haijasikilizwa. Mahakama ya Rufani ikalifuta, kwa kuwa mlango wa mahakama haufungwi kwa kipimo cha mfuko.

Nne ndiyo ngumu, nikaipa nusu ya ubao. Serikali inaposema kizuizi hiki ni kwa maslahi ya umma, jaji anakipima kwa vipimo viwili vya shauri la Kukutia Ole Pumbun la mwaka 1993. Je, sheria ina kinga za kuzuia mtu mwenye madaraka kuitumia anavyojisikia? Na je, inazuia kiasi kinachohitajika tu, au imezidisha? Nikawapa mfano wa Daudi Pete, wa miaka ya mwanzo ya tisini. Mtu ameshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na sheria inasema wa kosa hilo asipate dhamana. Mwulize yeyote sokoni kama mnyang'anyi apewe dhamana, jibu unalijua. Mahakama ya Rufani haikuuliza sokoni. Ilikitazama kifungu chenyewe ikakiona kama wavu wa matundu madogo mno, unaozoa hata watu wasioweza kuitwa hatari, tena bila utaratibu wa kuwachambua. Kikabatilishwa.

Kijana wa mlangoni akaingilia. "Kwa hiyo wakili, jaji akitaka anaweza kutupinga wote?"

Anaweza, na wakati mwingine ni lazima. Lakini nilimwambia asidhani mahakama zetu zimesema hivyo kila mara. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba, katika shauri la Mbushuu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha. Halafu ikasema inaokolewa na ibara ya 30(2), inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, na kwamba kujua kama inahitajika ni jambo la jamii kuamua. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa na swali hilo hilo. Jaji Arthur Chaskalson alikubali kwamba huenda wananchi wengi wa kwao wanaitaka adhabu ya kifo, kisha akasema maoni ya wengi hayawezi kuchukua nafasi ya wajibu wa mahakama kuitafsiri Katiba. Adhabu ikafutwa.

Mama wa Kiwira alitaka kujua nani kati yao yuko sahihi. Msimamo wangu ni huu, na niliusema pale. Mahakama yetu ilikwisha kuvuka sehemu ngumu, ikakiri ukatili, halafu kwenye kipimo cha mwisho ikalirudisha swali kwa watu ambao hawakuwa mbele yake. Jamii hiyo haikuapishwa wala kuhojiwa na wakili wa upande wa pili. Jaji akiandika "jamii inaona", anayesoma hana pa kukagua. Afadhali angesema "mimi ninaona, na sababu zangu ni hizi", tukajua tunakata rufaa dhidi ya nini.

Mzee karani akaleta hoja ambayo sikuitegemea. Alikumbusha Tume ya Nyalali, iliyozunguka nchi kuuliza kuhusu vyama vingi. Karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kibaki, na tume chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikapendekeza vyama vingi. "Mbona pale wachache walisikilizwa?" Nikamjibu kwamba ile ilikuwa kazi ya kushauri, si hukumu. Mshauri anaruhusiwa kuangalia kesho, jaji amefungwa na maandishi yaliyopo leo. Hakuridhika sana. "Lakini ni Jaji Mkuu yule yule," akasema, na ukumbi ukawa upande wake.

Kwa watu wa nyanda za juu kusini isingewezekana kumaliza bila Mchungaji Mtikila, mtu wa Ludewa. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994 kuhusu mgombea binafsi, Bunge likabadilisha Katiba. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ikasema haki zake zimevunjwa. Niliipitia habari hiyo haraka, kwa sababu ilijibu swali moja tu: hukumu nzuri inaweza kuzidiwa na Bunge, na jaji hapaswi kuandika akihesabu nini kitaipata baadaye.

Kuhusu macho ya watu, nilitaja yale ambayo jaji anayamudu. Asikilize mahakamani, milango wazi. Asijibu gazeti wala kundi la WhatsApp, hata likimtukana, maana mdomo wake ni hukumu. Asijitoe kwenye shauri kwa sababu ya kelele. Ajitoe kukiwa na sababu inayotajika, kama undugu au maslahi, la sivyo kila mwenye kundi kubwa atajichagulia jaji. Mapingamizi ya awali, yale yanayoletwa kabla hoja zenyewe hazijasikilizwa, ayaamue kwa sababu zilizoandikwa, kwa kuwa shauri likiondolewa kwa pingamizi wananchi husema limefichwa, na sababu zikiwa nyembamba watakuwa hawajakosea sana. Na aandike kwa lugha inayosomeka. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Nafuu, yaani kile mahakama inachoamuru mtu akishinda, niliitaja kwa kifupi. Ibara ya 30(5) inaruhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Kwenye shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa, Mahakama ya Rufani iliuthibitisha mwaka 2019 uamuzi wa kuipa Serikali muda wa mwaka mmoja. Mama wa Kiwira akauliza kama mwaka huo ulikuwa umekwisha. Ulikuwa umekwisha. Akaandika kitu kwenye daftari lake, hakusema neno.

Ardhi ya kijiji tuliihamishia siku nyingine.

Tarehe 10 Agosti, siku mbili baada ya Nane Nane, majaji walitoa hukumu: maombi yametupwa. Jioni simu ilikuwa ya mzee karani. Hakulalamika. Alitaka kujua hukumu ataipata wapi nzima, si vipande vya mtandaoni. Nikamwelekeza TanzLII, tovuti ya Mahakama, amtume mjukuu achape. Nikamwambia asianzie ukurasa wa amri. Aanze pale hoja zilipoorodheshwa, na pembeni ya kila hoja aandike kwa penseli ibara iliyotumika, nani alibebeshwa mzigo wa kuthibitisha, na kama ibara ya 7(2) imeguswa.

"Na wasioridhika?" akauliza.

Ilani ya rufaa ndani ya siku 30 tangu hukumu, rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu ilani. Akarudia tarakimu zote mbili polepole, kama mtu anayezijaza kwenye rejista.