Nilivyoomba kuongezewa siku Marekani ili nimalize arobaini ya mjukuu wangu

Kwetu Tanga mwanamke aliyejifungua haachwi peke yake kabla ya arobaini, yaani siku arobaini tangu mtoto azaliwe. Kwa hiyo binti yangu aliponipigia simu kutoka Buffalo, jimbo la New York, kuniambia kwamba ana mimba yake ya kwanza na anatarajia kujifungua mwisho wa Oktoba 2024, nilihesabu kwa vidole: arobaini itaangukia mwanzoni mwa Desemba. Nikakata tiketi ya kurudi tarehe 10 Desemba. Viza ya matembezi, ile wanayoiita B-2, nilikuwa nayo tayari.

Niliingia tarehe 15 Juni kupitia uwanja wa ndege wa JFK, New York. Afisa aliniuliza nimekuja kufanya nini, nikamweleza kama ilivyo: nimekuja kumtembelea mwanangu na kumsubiri mjukuu, Desemba narudi. Akagonga muhuri, akaandika kwa kalamu tarehe 14 Desemba 2024. Sikuitilia maanani. Viza yangu ilikuwa na tarehe ya mbele zaidi, nikaona hiyo ndiyo inayohesabika.

Kumbe sivyo, na hapa ndipo wazazi wengi wanaponaswa. Viza inakufikisha mlangoni tu ubishe hodi. Siku za kukaa ndani anazipanga afisa unapoingia, kwa kawaida miezi sita kwa mgeni wa B-2, na zinaandikwa kwenye rekodi inayoitwa I-94. Ukiingia kwa ndege hawakupi karatasi. Unaitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka kwa jina na namba ya pasipoti. Mimi alinifungulia mkwe wangu, tena baada ya wiki kadhaa. Anayekuja kumtembelea mwanawe aichapishe wiki ile ile ya kwanza, na ahakikishe tarehe yake inalingana na ile ya muhuri.

Mwezi Julai kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha kwamba mimba ni changa kuliko tulivyodhani. Tarehe ya kujifungua ikasogea hadi katikati ya Novemba, na arobaini ikavuka 14 Desemba. Binti yangu alinitazama tukiwa bado ndani ya gari, akasema, "Mama, kwa hiyo utaniacha na kichanga cha wiki tatu?" Sikuwa na jibu. Mumewe anafanya kazi zamu za usiku na likizo yake ni ya siku chache. Hapakuwa na shangazi wala bibi mwingine wa kugonga mlango na kuuliza kama mzazi amekunywa uji.

Upande wa magharibi wa mji ule wanaishi Wakongo na Warundi wengi, na mtu wa Tanga hakosi wa kuzungumza naye Kiswahili. Mama mmoja wa Bukavu, tuliyejuana dukani kwenye unga wa muhogo, aliniona nimejiinamia. "Mama, uvuke tu ile pont, ulale Kanada siku moja, urudie. Batakupatia ingine myezi sita." Pont, yaani daraja, ni Peace Bridge, ukisimama ukingo wa mto Niagara unaiona, na ng'ambo yake ni Fort Erie, nchi nyingine kabisa. Alisema kwa mapenzi, nami nilimwamini, kwa sababu nyumbani nimewaona wageni wakitoka Horohoro kuingia Lungalunga, Kenya, kisha wakirudi na muhuri mpya. Wiki nzima niliwaza lile daraja tu.

Aliyenizuia ni mwanasheria wa shirika moja linalosaidia wahamiaji bila malipo. Alinieleza polepole, hata nikachora kwenye daftari. Mgeni akitoka Marekani kwenda Kanada au Meksiko kwa siku zisizozidi 30, kwa kawaida anarudi na I-94 ile ile na tarehe ile ile. Safari fupi ya namna hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya ziara ya mwanzo. Afisa ana uwezo wa kukupa tarehe mpya, lakini pia ana uwezo wa kuona kwamba umeanza kuigeuza ziara kuwa makazi, akakukatalia kuingia kabisa. Tena Mtanzania haingii Kanada bila viza ya Kanada. Kwa hiyo ningelipia viza nyingine, ningevuka, na 14 Desemba ingebaki pale pale, kama nisingerudishwa nyuma.

Wapo pia walioniambia nisihangaike, siku chache za ziada hakuna wa kuzihesabu. Hao siwaungi mkono hata kidogo. Ukipitisha muda ulioandikwa hata kwa siku moja bila maombi yoyote, viza yako inakufa, na nyingine lazima ukaombe nyumbani kwako. Ukikaa zaidi ya siku 180 bila ruhusa kisha ukaondoka, unafungiwa miaka mitatu. Ukifika mwaka, miaka kumi. Mimi nina mtoto mmoja tu duniani, na yuko kule. Miaka mitatu bila kumwona kwa sababu ya kukaa kienyeji? Hapana.

Njia halali ya kuongezewa siku ni fomu I-539, inayopelekwa Idara ya Uraia na Uhamiaji kabla tarehe ya I-94 haijapita. Wenyewe wanashauri uiwasilishe angalau siku 45 kabla. Tuliituma mtandaoni tarehe 28 Oktoba, zikiwa zimebaki siku 47, na ada ilikuwa dola 420. Kujaza hakuna ugumu. Kazi iko kwenye vielelezo, maana lazima waamini mambo matatu: una sababu, una pesa za kujikimu, na utaondoka. Kwa sababu, niliweka barua ya daktari yenye tarehe ya kujifungua na maelezo kwamba mtoto amelala kingamo, hivyo huenda akatolewa kwa upasuaji. Kwa pesa, niliweka taarifa ya benki inayoonyesha pensheni yangu ya ualimu, pamoja na barua ya binti yangu kwamba nakula na kulala kwake. Kwa kurudi, niliweka hati ya nyumba yangu na tiketi mpya ya tarehe 11 Januari 2025. Kuibadilisha tiketi kuliniuma mfukoni, lakini naamini ndicho kielelezo kilichokuwa na uzito kuliko vyote. Niliomba hadi 31 Januari tu. Wangeweza kunipa hadi miezi sita; sikuihitaji, na sikutaka kuomba nisichoweza kukieleza.

Barua ya maelezo niliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, binti yangu akaitafsiri. Nilieleza arobaini ni nini.

Jumamosi iliyofuata walinipeleka kuyaona maporomoko ya Niagara. Tulisimama Terrapin Point, maji yakinguruma hadi kifua kinatetemeka, na watu wa upande wa Kanada tukiwaona wadogo kama siafu. Mkwe wangu akaniuliza kama natamani kuvuka. Nikamwambia maombi yangu yako mezani mwa watu. Nikitoka nchini yanaweza kuhesabika kwamba nimeyaacha.

Mjukuu alizaliwa tarehe 15 Novemba, kwa upasuaji kweli. Nilikuwa nimebeba mkaja kutoka Tanga na nimejiandaa kumkanda mwanangu kwa maji ya moto kama nilivyokandwa mimi, lakini kidonda cha upasuaji hakikandwi. Nikabaki na uji wa pilipili manga, supu ya kuku, na kumpokea mtoto usiku ili mama yake apate usingizi. Nje theluji ya ziwa Erie ilikuwa inamwagika kama unga uliotobolewa kiroba.

Tarehe 14 Desemba ikafika, jibu halijaja. Usiku ule nilikaa na ile barua ya kupokelewa kwa maombi, yenye namba yake, nikaisoma tena na tena. Mwanasheria alishanieleza kwamba aliyeomba kwa wakati, ambaye hafanyi kazi na hakuvunja masharti, hahesabiwi siku za kukaa bila ruhusa wakati maombi yanasubiri. Nilijua hivyo, na bado moyo ulinidunda kila gari la posta liliposimama. Lingekuja jibu la kukataliwa, ningefunga mizigo siku hiyo hiyo.

Halikuja. Arobaini ilitimia mkesha wa Krismasi. Tulimnyoa mtoto, tukamvika kofia mbili, nikamtoa nje kwenye baridi kwa dakika moja, nikamwonyesha mbingu.

Tarehe 11 Januari niliondoka, maombi yakiwa bado yanasubiri. Pale uwanjani hakuna afisa wa kukugongea muhuri wa kutoka, kwa hiyo nilitunza vipande vyote vya tiketi na muhuri wa kuingia Dar es Salaam. Viko kwenye bahasha moja na I-94, ile barua yenye namba, na nakala ya kila karatasi niliyotuma. Mwanangu anasema mjukuu ameanza kutambaa. Siku nitakayokwenda ubalozini kuomba viza nyingine, bahasha hiyo nitakuwa nayo mkononi.