Nyoka wa mkia mfupi katika matuta yangu ya Kilobelobe

Nalima mboga Kilobelobe, pembeni mwa Lubumbashi, katika bonde ambalo tope lake halikauki hata mwezi wa nane. Kiangazi ndio msimu wetu. Mvua ikikatika tunashuka na majembe kufuata unyevu, tunapanda lengalenga, matembele na vitunguu, na maji tunachota kwenye mfereji unaopita katikati ya matuta. Penye mfereji pana vyura, na penye vyura nyoka hakosi.

Mwaka wangu wa kwanza niliua wanne. Kila nilipoua nilirudi nyumbani mapema, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka hata kushika ndoo siwezi.

Wa tano ndiye aliyenibadilisha. Nilikuwa nang'oa majani kando ya maji, nikashika kitu kilaini pamoja na magugu. Kabla sijapiga kelele, kikaanza kujizungusha mkononi mwangu kwa kasi kama kamba inayosokotwa. Nikabaki na kipande cha mkia kinachezacheza kati ya vidole. Mwenyewe alishaingia majini, wala hakuniuma. Jirani yangu wa tuta la pili alikuja mbio, akatazama, akasema: "Yaya, ile nyoka itarudia mukia yake. Utaona."

Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi niliufunga ule mkia katika jani la mgomba, nikampelekea papa mmoja aliyefundisha biolojia miaka mingi, ambaye sasa analima juu kidogo ya kwetu. Akaugeuza huku na huku. Akaniuliza rangi ya mgongo: kahawia inayoelekea kijani, na utepe mpana wa giza katikati. Tumbo: manjano iliyopauka. Urefu: kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. "Mama, ile haina sumu," akasema. "Ni nyoka ya mayi tu." Wataalamu wanamwita Natriciteres olivacea, na aliyemwelezea kwanza kwa maandishi ni Mjerumani Wilhelm Peters, mwaka 1854. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: mjusi akikatika mkia huota mwingine, lakini wa nyoka huyu hauoti tena. Ameutoa ili aponyoke. Ndiyo maana wengi wao, wakishakua, huonekana na vikia butu.

Niliwakumbuka wale wanne. Niliumia kweli.

Tangu siku ile nilianza kutazama badala ya kupiga, na yule wa mkia uliokatika akawa rahisi kumtambua. Ni nyoka wa mchana. Jua likishapasha ukingo, anatoka kwenye matete na kujinyoosha juu ya majani yaliyolala. Nikikaribia, anateleza majini bila kishindo na kuzama. Chakula chake ni vyura, viluwiluwi na visamaki vidogo. Mwezi wa tisa, mfereji unapopungua na viumbe hao kusongamana kwenye vidimbwi vilivyobaki, nilimwona siku nyingi akipita kidimbwi hadi kidimbwi. Akimkamata chura hamnyongi kwa kumviringa kama afanyavyo chatu. Anaanza kummeza angali hai. Si jambo la kupendeza kulitazama, lakini ndivyo anavyoishi.

Hofu haikuisha kwa kuambiwa tu, iliisha kwa kubadilisha namna ninavyofanya kazi. Sing'oi tena majani kwa mkono mtupu pale nisipoona chini. Kwanza nayatikisa kwa mpini wa jembe na kungoja kidogo. Navaa buti za mpira. Marundo ya majani makavu nimeyatoa karibu na matuta, kwa sababu humo ndimo anamopenda kulala kifutu, na huyo si wa kuchezea. Lakini ukanda wa matete kando ya mfereji nimeuacha, hatua tatu hivi, usiguswe.

Wala simshiki nyoka yeyote, hata yule ninayemjua. Kwenye unyevu huohuo yuko mwingine anayekula vyura, mwenye alama ya V nyeusi kichwani, na yule ana sumu. Watoto nimewafundisha neno moja: simama, rudi nyuma, mwite mkubwa. Mtu akiumwa, hatukati wala hatufungi kamba. Anapelekwa hospitali mara moja, bila kukimbizwa kwa miguu yake.

Jirani yangu alichukua muda. Msimu mzima alipita na panga mkononi, akiniambia nitajuta. Lakini mwaka huu, mwezi wa kumi, siku chache kabla ya mvua za kwanza, nilimsikia akiniita kutoka kwenye mfereji. Nilimkuta amesimama na ndoo zake mbili tupu, panga ameliacha kwenye tuta.

"Yaya, ya mukia mufupi iko inapita," akasema. "Ngoja kwanza, nitachota akishapita."

Tukangoja wote wawili.