Maji ya ziwa letu yanafika Khartoum

Maji yanayopiga mawe ya Bismarck hapa Mwanza hutoka ziwani kule Jinja, yakawa Nile Nyeupe, yakapita Khartoum, mji mkuu wa Sudan. Nchini humo jeshi la Jenerali Burhan na wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo cha Hemedti, walianza kupigana tarehe 15 Aprili 2023.

Swali la vijiweni Kirumba ni lilelile: mbona chakula hakipelekwi tu kwa wenye njaa huko? Lori hukwama kwenye karatasi kabla halijakwama kwenye tope. Kibali cha upande huu hakitambuliwi upande ule. Mpaka wa Adré, kutokea Chad, ulifunguliwa tena Agosti 2024, mvua za huko zikiwa zimeshakata barabara za Darfur, magharibi mwa Sudan.

El Fasher, mji wa Darfur, ilizingirwa na RSF tangu Mei 2024. Juni, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2736 kuitaka RSF iache. Azimio bila wa kulisimamia ni karatasi. Oktoba 2025 mji ukaanguka mikononi mwa RSF. Kabla ya hapo watu walikuwa wakila ambaz, mashudu ya karanga. Msukuma anayenunua mashudu ya pamba kwa ajili ya ng'ombe ataelewa upesi.

Kilichosaidia sana ni majiko ya mtaa: majirani hutumiwa pesa kwa simu, wananunua mtama na dengu, wanapika sufuria moja kubwa. Mtandao ukizimwa, kama Februari 2024, pesa haiingii na jiko linazima. Mtoto aliyedhoofika sana hupewa pakiti za siagi ya karanga yenye maziwa, kila moja gramu 92, kalori 500. Haipikwi wala haichanganywi na maji, kwa hiyo maji machafu hayaiharibu.