Wiki nzima kwa pointi za hoteli: hesabu ya mtu wa Mtwara na Lindi

Mtu wa Kusini mwenye pointi nyingi za hoteli (zile unazopata kwa kulala na kulipa, kisha ukazitumia kulipia vyumba) kwa kawaida amezipata kazini: safari za Dar, Nairobi au Johannesburg kwa ajili ya gesi, saruji, korosho au miradi ya mashirika. Zinakaa kwenye akaunti hadi Desemba ikaribie na watoto waanze kuuliza likizo ni wapi. Wengi huzitumia vibaya hapo, kwa sababu wanazilinganisha na bei ambayo wao wasingelipa kamwe.

Bei hiyo ni ile ya dola iliyoko kwenye tovuti. Hoteli nyingi za kitalii nchini, hasa Zanzibar na Arusha, zina bei ya mkazi, yaani bei nafuu kwa anayeishi nchini, na mara nyingi haionekani mtandaoni. Unaipata kwa kupiga simu au kuandika barua pepe kwa idara ya rizavesheni, kisha unaonyesha kitambulisho cha NIDA ukifika. Kwa hiyo kabla hujagusa pointi hata moja, omba bei ya mkazi kwa tarehe zako, kwa maandishi, na uulize kama ina kifungua kinywa au chakula cha jioni. Chumba cha pointi mara nyingi ni chumba kitupu. Ukilinganisha chumba kitupu na bei ya mkazi yenye milo miwili, umeshajidanganya kabla ya kuanza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua fedha ambazo ungelipa kweli, toa tozo ambazo utalipa hata ukitumia pointi, kisha gawanya kwa idadi ya pointi. Tuseme chumba kinaonyesha dola 200 kwa usiku mtandaoni, bei ya mkazi ni dola 130, na kwa pointi ni 30,000. Kwa usiku 7, ukipata usiku mmoja wa bure (nitaueleza), unalipa pointi 180,000. Kwa bei ya mtandaoni, dola 1,400, kila pointi imekupa senti 0.78 ya dola. Kwa bei ya mkazi, dola 910, imekupa senti 0.51. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi 19 dhidi ya shilingi 12 na ushee kwa kila pointi, na hicho cha pili ndicho kipimo chako wewe.

Wanaofuatilia mambo haya kwa karibu huiweka pointi ya Marriott Bonvoy (uanachama wa kampuni ya hoteli ya Marriott) kwenye senti 0.7 hadi 0.8, ya Hilton na IHG karibu senti 0.5, na ya Hyatt juu zaidi, senti 1.5 au zaidi, maana Hyatt hukupa pointi 5 tu za msingi kwa kila dola wakati Marriott na Hilton hutoa 10 kwenye hoteli zao nyingi. Accor haina haja ya kikokotoo: pointi 2,000 ni euro 40. Kwa mfano wetu, kama pointi ni za Marriott, senti 0.51 iko chini ya thamani yake, kwa hiyo lipa fedha kwa bei ya mkazi na uziweke pointi kwa ajili ya nchi ambayo wewe ni mgeni kama wageni wengine. Nairobi, Dubai, Johannesburg: huko kwa kawaida hakuna bei ya mkazi ya kukuokoa, na pointi zinafanya kazi yake sawasawa. Ndani ya nchi zinashinda pale hoteli inaposimamisha bei ya mkazi, kama siku za Krismasi na mwaka mpya, mradi chumba cha pointi bado kipo.

Na kwetu huku? Kuanzia Kilwa Masoko hadi Msimbati, pointi za makampuni haya ya kimataifa hazinunui hata kitanda. Hoteli za karibu zinazozipokea ni kama zile za Dar (Hyatt Regency, ile Kilimanjaro, au Johari Rotana), Zanzibar (Park Hyatt ya Shangani, Meliá ya Kiwengwa) na Arusha (Four Points, ya Marriott). Kila kampuni ina uanachama wake. Pointi za Hyatt hazilipi Meliá.

Sasa huo usiku wa bure. Marriott, ukibuku usiku tano mfululizo kwa pointi, unalipia nne na ule wenye bei ndogo kuliko yote unasamehewa. Hilton nao hutoa usiku wa tano bure, lakini kwa mwanachama wa daraja la Silver na kuendelea, na kwa vyumba vya kawaida tu. Hyatt hawana kitu hicho. Kosa la kawaida ni kukata wiki vipande: mtu anabuku usiku tatu, akipata pointi zaidi anabuku nne kwenye rizavesheni nyingine. Vipande hivyo havifikishi tano mfululizo, na usiku wa bure umepotea. Isitoshe, wiki ina usiku saba, na bure ni mmoja tu. Wa sita na wa saba unalipa kamili. Mara nyingi ni nafuu zaidi kubuku tano kwa pointi na mbili kwa fedha, ukizipanga hizo mbili ziangukie siku za katikati ya wiki ambapo bei ya fedha iko chini. Ukifanya hivyo, waandikie hoteli waunganishe rizavesheni mbili ili usihamishwe chumba.

Tukumbuke pia ukubwa wa pointi 180,000. Kwa pointi 10 kwa dola, bila nyongeza ya daraja, hayo ni matumizi ya dola 18,000. Wachache wanazo. Ndiyo maana kuunganisha pointi za mke na mume, au za ndugu, kuna maana kubwa kuliko kununua pointi. Marriott huruhusu kuhamisha hadi 100,000 kwa mwaka kwenda kwa mwanachama mwingine. Hyatt huruhusu kuunganisha mara moja kila siku 30. Hilton ina utaratibu wa kuchanga pamoja. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya kubuku, kwa sababu uhamisho unaweza kuchukua siku, na akaunti iliyofunguliwa jana huenda isikubaliwe. Kununua pointi ni kwa ajili ya kuziba pengo dogo tu.

Na kuna pointi ambazo hazikuwahi kuingia. Chumba kilichobukiwa kupitia tovuti za watu wa kati kwa kawaida hakitoi pointi. Semina ambayo mwandaaji amelipia vyumba vyote kwa bili moja, nawe hupati pointi. Mradi ukiisha na safari zikakoma, saa inaanza kuhesabu: Accor siku 365 na IHG miezi 12 kwa mwanachama asiye na daraja, Marriott, Hilton na Hyatt miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti. Kulala usiku mmoja wa kulipia kunaianzisha upya, na kwa baadhi yao hata kutumia pointi chache kunatosha.

Tarehe ndizo huamua kama utapata chumba. Msimu wa korosho, minada inapoanza Oktoba na fedha kuingia, unakwenda kuangukia Desemba, wakati ule ule ambao Zanzibar imejaa na pointi zinazohitajika zimepanda. Kama unataka Desemba, tafuta karibu mwaka mzima kabla. Ukishindwa kwenda unafuta ndani ya muda wa hoteli na pointi zinarudi. Ila kwa maoni yangu wiki bora ya mtu wa huku ni katikati ya Juni. Shule zimefungwa, masika yamekwisha, na watalii wa Julai na Agosti bado hawajajaa.

Usianze rizavesheni siku ile ile unayoondoka nyumbani. Basi la Mtwara linafika Dar jioni, na boti ya mwisho ya Zanzibar imeshaondoka alasiri. Kwa hiyo usiku wa kwanza ni wa Dar, na hoteli ya Zanzibar ianze kesho yake. Ukianza mapema unachoma usiku mmoja wa pointi bure, na ubaya zaidi ni kwamba usipotokea siku ya kwanza hoteli inaweza kufuta siku zote zilizobaki na kukata pointi. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika upande wa Somanga. Ndege nazo huahirishwa. Ukiona utachelewa, piga simu hotelini kabla ya usiku kuingia, taja namba ya rizavesheni, kisha thibitisha kwa barua pepe.

Mapokezi watataka kadi ya benki hata kama chumba kimeshalipwa, kwa ajili ya dhamana ya vinywaji na uharibifu. Kwa kadi ya debit kiasi hicho kinashikiliwa kweli kwenye akaunti, na kinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo usiweke humo nauli ya kurudia. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inaweza kukubalika wakati wa kubuku na kukataliwa kaunta. Jina la rizavesheni liwe la mtu atakayefika. Kama pointi ni za baba na anayelala ni binti yake, jina la binti liongezwe mapema. Hesabu na watoto pia: chumba cha kawaida cha pointi mara nyingi ni cha watu wazima wawili, na kitanda cha ziada kinalipiwa fedha.

Hyatt na Hilton hawatozi ada ya rizoti (ile ya kila siku inayoongezwa juu ya bei ya chumba) kwa usiku wa pointi. Marriott hutoza pale hoteli inapokuwa nayo. Waulize pia kuhusu tozo za serikali zinazolipwa kaunta kwa kila mtu kwa usiku. Siku ya kuondoka, omba bili iliyochapishwa na uone mstari wa chumba unasoma sifuri kabla hujarudisha ufunguo.