Jinsi nilivyompunguzia dakika nahodha bila kumpoteza

Nahodha wangu alikuwa na miaka 36. Hadi dakika ya 60 hakuna aliyemgusa. Baada ya hapo mikono kiunoni, na kiungo wetu wa miaka 19 akawa anakimbia kwa niaba ya wawili. Nilikosea mwanzoni: nilimweka benchi bila kumwambia neno. Wiki nzima hakunisalimia, na wachezaji wakagawanyika makundi.

Nikamwita, tukakaa wawili tu. Nilimkumbusha Roger Milla, mshambuliaji wa Cameroon, Kombe la Dunia la 1990: miaka 38, akitokea benchi, mabao manne. Alinyamaza muda mrefu. Kisha: "Kwa hiyo unanitaka dakika zipi, kocha?"

Tulikubaliana haanzi mechi mbili mfululizo, na kila baada ya mazoezi anabaki dakika 15 na yule kijana. Hapo ndipo nilipofurahi kweli. Nilimwona akimshika bega na kumgeuza taratibu: "Tazama nyuma yako kabla mpira haujakufikia, siyo baada."

Siku asizoanza, anaingia dakika ya 65, mabeki wameshachoka. Kijana anayempisha ndiye humvisha kitambaa cha unahodha.